Rojo la mbao baina ya mabara: tenga bei na tani kabla hujalinganisha

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchumi, kwetu Wete. Kwa ajili ya utafiti wangu nimechukua takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, za thamani ya rojo la mbao linalouzwa nje, bara kwa bara, toka 1961 hadi miaka hii, nikachora chati. Mistari ya Ulaya na Amerika imepanda mno, wa Afrika umelala chini kabisa. Nikaandika kwamba Ulaya na Amerika zimezidisha uzalishaji mara nyingi, na Afrika imekwama. Msimamizi wangu amenirudishia sura nzima, pembeni ameandika neno moja tu: 'Hakika?' Nimeteleza wapi, na nilinganishe vipi?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Msimamizi wako amekutendea wema mkubwa kwa neno lile moja. Chati yako inaonesha dola, na sentensi yako inazungumzia uzalishaji. Hapo ndipo ulipoteleza, na wengi huteleza hapohapo, wakiwemo watu wenye shahada kubwa. Mstari wa thamani unaweza kupanda miaka kumi mfululizo na kiwanda kisiongeze hata tani moja. Unaweza pia kushuka wakati viwanda vinafanya kazi usiku na mchana.

Kwa wasomaji wengine wanaotufuata: rojo la mbao ni zile nyuzinyuzi zinazobaki mti ukishasagwa, au ukishachemshwa na dawa hadi gundi yake ya asili ikatoka. Hukaushwa, hukatwa mabamba, hufungwa marobota, kisha hupakiwa melini. Ndiyo malighafi ya karatasi, maboksi, shashi na nepi za watoto. Nchi inayoongoza kuliuza nje siku hizi ni Brazil. Kabla yake, kwa miongo mingi, ilikuwa Kanada. Mnunuzi mkubwa kuliko wote ni China.

Sasa tuanze na bei, maana ndiyo iliyokupoteza zaidi.

Thamani ni tani mara bei. Hilo unalijua toka skuli. Ila bei ya rojo si bei tulivu. Lile la nyuzi ndefu, linalotokana na misonobari ya nchi za baridi, lilifika karibu dola 1,000 kwa tani kule Ulaya mwaka 1995, na kufikia 1996 lilikuwa limekwisha kuporomoka vibaya. Mwaka 2011 likafika tena kwenye dola 1,000. Mwaka 2022 bei iliyotangazwa Ulaya ilipita dola 1,400. Katikati ya vilele hivyo kuna mabonde, mfano lile la 2009 baada ya msukosuko wa fedha duniani. Kwa hiyo ukichagua mwaka 1996 uwe mwanzo na 2022 uwe mwisho, kila bara litaonekana shujaa. Ukianzia 1995 ukamalizia 2009, utaandika tanzia. Misitu ni ileile, viwanda karibu ni vilevile.

Mfano mzuri kuliko wote ni Brazil mwaka 2020. Mwaka ule iliuza nje rojo jingi zaidi kuliko 2019 kwa kipimo cha tani, lakini dola zilizoingia zilipungua kwa karibu moja ya tano. Aliyeangalia mstari wa thamani peke yake angeandika kwamba tasnia ya Brazil inadorora. Tani zingemwambia kinyume.

Wewe ni mtoto wa Pemba, kwa hiyo jambo hili umelikuta nyumbani. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei ya karafuu ya daraja la kwanza hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Mikarafuu haikuzaa zaidi kwa sababu ya tangazo lile. Zao hilo lina misimu yake, msimu huu linajaza na msimu ujao linakata. Lakini bei ilipopanda, karafuu iliyokuwa ikivushwa usiku kwa magendo kwenda Mombasa ilipata sababu ya kubaki na kufikishwa kwenye vituo vya shirika la Serikali linalonunua karafuu. Basi daftari linaweza kuonesha thamani kubwa zaidi, na hata tani zaidi, kumbe mti ni uleule na mchumaji ni yuleyule. Ukilielewa hilo kwa karafuu, umeshalielewa kwa rojo la mbao.

La pili ni dola yenyewe. Thamani zilizomo katika hifadhidata ya FAO ni dola za mwaka husika, yaani dola ya 1961 imeandikwa kama dola ya 1961 na ya 2023 kama ya 2023. Kwa fahirisi ya bei za walaji ya Marekani, kilichonunuliwa kwa dola moja mwaka 1961 kinahitaji takriban dola kumi mwaka 2023. Maana yake ni kwamba bara lisilozidisha chochote, likiuza kiasi kilekile kwa bei inayofuata tu mfumuko, mstari wake kwenye chati yako ungepanda mara kumi. Rudi uangalie mistari yako kwa jicho hilo. Na ile rekodi ya 2022 iliyoshangiliwa sana? Baina ya 1995 na 2022 bei za walaji Marekani zilipanda karibu mara mbili. Dola 1,000 za 1995 ni sawa na dola 1,900 na ushei za 2022. Kwa thamani halisi, rekodi haikuvunjwa.

Kwa hiyo kabla hujachora chochote, gawa kila thamani kwa fahirisi ya mwaka wake, urudishe zote kwenye dola za mwaka mmoja utakaouchagua. Chagua mwaka wa karibuni, msomaji wako aweze kuuhisi. Uutaje kwenye kichwa cha chati, usiufiche kwenye maelezo ya chini.

Hapo sasa tunaweza kutenganisha tani na bei. Nitakupa hesabu ya kubuni, uifuate hatua kwa hatua, kisha uifanye kwa takwimu zako.

Chukua maeneo mawili. La kwanza liliuza tani milioni 2 kwa dola 500, yaani dola bilioni 1. Miaka kadhaa baadaye linauza tani milioni 4 kwa dola 600, yaani bilioni 2.4. Ongezeko ni bilioni 1.4. La pili liliuza tani milioni 4 kwa dola 500, bilioni 2. Baadaye linauza tani milioni 3.5 kwa dola 800, bilioni 2.8. Ongezeko ni bilioni 0.8. Kwenye chati yote mawili yanapanda, na la pili bado liko juu.

Chukua wastani wa tani za mwanzo na za mwisho, uzidishe kwa mabadiliko ya bei: hiyo ni sehemu ya bei. Kisha chukua wastani wa bei mbili, uzidishe kwa mabadiliko ya tani: hiyo ni sehemu ya wingi. Kwa eneo la kwanza, tani milioni 3 mara dola 100 ni bilioni 0.3 za bei. Dola 550 mara tani milioni 2 ni bilioni 1.1 za wingi. Jumla 1.4, hesabu imefunga. Kwa eneo la pili, tani milioni 3.75 mara dola 300 ni bilioni 1.125 za bei. Dola 650 mara kutoa tani laki tano ni kutoa bilioni 0.325. Jumla 0.8, nayo imefunga. Umeona kilichotokea? La kwanza limekua kwa jasho la viwanda. La pili limepungua, limebebwa na bei. Sentensi uliyoiandika ingeyasifu yote mawili sawasawa.

Hiyo bei inayopatikana kwa kugawa thamani kwa tani uiite thamani ya wastani kwa tani, usiiite bei ya soko. Bei zinazotangazwa ni za orodha. Wanunuzi wakubwa hupewa punguzo, na punguzo halitangazwi. Tena wastani huo unaweza kubadilika kwa sababu bidhaa imebadilika, bei ya kila aina ikiwa vilevile. Rojo la nyuzi ndefu la Kanada, Sweden na Finland kwa kawaida lina bei ya juu kuliko la nyuzi fupi la mikalitusi ya Brazil na Uruguay. Bara likihama kutoka aina moja kwenda nyingine, wastani wake utashuka hata kama hakuna aliyepunguza bei. Kwa hiyo angalau tenganisha rojo linalosagwa kwa mashine na lile linalopikwa kwa kemikali. Na lile la kuyeyushwa liweke peke yake kabisa. Hilo haliendi kwenye karatasi, linaenda kwenye nyuzi za kitambaa cha viskosi, na soko lake linafuata nguo na pamba zaidi kuliko vitabu na maboksi.

Sasa nije kwenye mipaka, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kulinganisha mabara kunapoharibika zaidi na watu hawaoni.

Rojo likitoka Sweden likaenda Ujerumani, limevuka mpaka wa nchi, limeandikwa kuwa mauzo ya nje ya Ulaya, ingawa halijatoka Ulaya hata hatua moja. Rojo likitoka jimbo la Georgia likaenda kiwanda cha Wisconsin, yote Marekani, halijaandikwa popote kwenye takwimu za biashara ya nje, ingawa limesafiri masafa ya nchi kadhaa za Ulaya. Ulaya ina nchi nyingi ndogondogo zinazouziana. Amerika ya Kaskazini kwa rojo ni nchi mbili kubwa. Kwa hiyo mstari wa Ulaya umevimba kwa namna mipaka ilivyochorwa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia takwimu za nchi kwa nchi, yaani nani kamuuzia nani, ukaondoe biashara ya ndani ya bara. Kazi ni ndefu, najua. Ukishindwa kuifanya kwa miaka yote, ifanye kwa mwaka mmoja wa karibuni, uoneshe ukubwa wa tofauti, uendelee.

Mipaka yenyewe pia haikutulia. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwishoni mwa 1991, zikazaliwa nchi 15. Kilichokuwa kikisafirishwa ndani ya nchi moja kikawa biashara ya kimataifa kwa usiku mmoja, bila kiwanda kipya kujengwa. Na Urusi kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa yote inahesabiwa Ulaya. Viwanda vikubwa vya Bratsk na Ust-Ilimsk viko Siberia, ardhi ya Asia, na marobota yao mengi yanakwenda China. Kwenye chati yako hayo ni mauzo ya Ulaya. Halafu kuna Meksiko: taasisi moja inaiweka Amerika ya Kaskazini, nyingine Amerika ya Kati. Kabla hujachanganya vyanzo viwili, soma orodha ya nchi za kila eneo, moja baada ya moja.

Bandari nazo zina lao. Uholanzi inaonekana ikiuza nje rojo jingi kuliko misitu yake inavyoweza kutoa, kwa kuwa meli kutoka Amerika Kusini hushusha kwenye bandari zake na mzigo ukaendelea mbele. Ni mauzo ya kupitisha. Singapore kwenye karafuu ni vivyo hivyo, na humo zimo karafuu zetu.

Na neno Amerika katika sentensi yako limeficha kisa kizima. Ndani ya neno hilo kuna mambo mawili yanayokwenda kinyume. Kaskazini, hasa jimbo la British Columbia kule Kanada, wadudu wa misonobari walikausha misitu mikubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mbao zikawa adimu, viwanda vikafungwa. Kusini, mkalitusi wa Brazil huvunwa ukiwa na miaka sita au saba. Msonobari wa Finland huchukua miaka 60 na zaidi. Uruguay haikuwa na jina katika biashara hii hadi kiwanda cha Fray Bentos kilipoanza mwaka 2007, kikafuata cha pili 2014 na cha tatu 2023. Nchi ya watu milioni tatu na nusu, leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Ukijumlisha kaskazini na kusini ukaita Amerika, kushuka kwa mmoja kunafunikwa na kupanda kwa mwingine, na jambo kubwa kuliko yote katika historia ya rojo ya miaka hamsini, yaani kuhama kwa biashara kutoka misitu ya baridi kwenda mashamba ya joto, linapotea machoni pako. Mimi ningeifanya sura yako nzima iwe juu ya kuhama huko.

Sasa Afrika, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo, na wangu pia.

Mstari wake umelala chini kwanza kwa sababu ya skeli. Ukiweka bara lenye mabilioni mengi na bara lenye mamilioni kwenye mhimili mmoja wa kawaida, dogo litaonekana limekufa hata likikua maradufu. Chora tena kwa skeli ya logi, ambayo kuongezeka maradufu kunachukua nafasi ileile kwa mkubwa na kwa mdogo. Au ufanye kila eneo lianze na 100 kwa wastani wa miaka mitano ya mwanzo, uone lilikofika. Tahadhari yake ni kwamba anayeanzia padogo hukua kwa asilimia za kutisha. Toa asilimia na tani pamoja.

Pili, hiyo unayoiita Afrika, kwa rojo la kuuza nje, kwa sehemu kubwa ni Afrika Kusini. Na humo jina kubwa ni kiwanda cha Saiccor kule Umkomaas, kusini ya Durban, ambacho hutengeneza rojo la kuyeyushwa, lile la viskosi. Basi unalinganisha malighafi ya kitambaa na malighafi ya karatasi. Eswatini ilikuwa na kiwanda cha Usutu pale Bhunya, rojo lake likiwa miongoni mwa bidhaa kubwa za nchi ile. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya misitu yake, na mwaka 2010 kikafungwa. Kiwanda kimoja, na mstari wa bara zima ukatikisika. Kenya, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Huku kwetu Tanzania Bara kipo cha Mgololo, wilaya ya Mufindi, kinachopata miti ya Sao Hill. Rojo lake kinalitumia chenyewe kutengeneza karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na vifungashio. Rojo hilo halionekani kwenye chati yako hata chembe, maana halikuuzwa nje likiwa rojo.

Na jambo hilo la mwisho si la Mgololo tu. Finland na Sweden zina viwanda vingi ambavyo rojo huingia mlango mmoja na karatasi au ubao wa maboksi hutoka mlango wa pili. Nchi inayouza rojo kidogo inaweza kuwa ndiyo inayopata zaidi, kwa kuwa imeuza karatasi. Kwa hiyo weka pembeni safu ya karatasi na maboksi yaliyouzwa nje. Pale Wawi, Chake Chake, makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanakamuliwa mafuta, na mafuta yale hayaingii kwenye hesabu ya karafuu kavu. Atakayepima zao letu kwa karafuu kavu pekee atalipunja. Usiwapunje wengine kwa namna hiyohiyo.

Umesema ulianzia 1961. Si vibaya, takwimu za FAO za misitu zinaanzia hapo, lakini usilinganishe mwaka mmoja na mwaka mmoja. Chukua wastani wa miaka mitano mitano, vilele vya bei vitulie. Na ukiwa na shaka na nchi fulani, angalia daftari la mnunuzi: kile Brazil ilichosema imeiuzia China, China nayo imekiandika. Daftari mbili hazitalingana, na hazitakiwi zilingane, kwa kuwa muuzaji huandika thamani bandarini kwake kabla ya nauli, na mnunuzi huandika pamoja na nauli na bima. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa mno, itafute.

Sentensi yako irekebishe namna hii, ukiisha kufanya hesabu na ikathibiti: "Kwa dola za mwaka fulani, baada ya kutoa biashara ya ndani ya Ulaya, ongezeko la Amerika Kusini limetokana zaidi na tani, la eneo fulani zaidi na bei." Majina na kiasi utayajaza wewe. Kuhusu Afrika, taja nchi na aina ya rojo, neno "imekwama" ulifute.

Jambo moja la mwisho, ulifanye kabla ya yote niliyoyasema. Pembeni ya kila tarakimu ya FAO pana alama inayosema kama ni takwimu rasmi ya nchi au ni makadirio ya shirika. Ulipopakua naamini hukuichukua safu ile, wengi huiacha. Rudi uichukue. Kwa nchi nyingi za Afrika, hasa miaka ya nyuma, utakuta tarakimu ileile imejirudia mwaka baada ya mwaka, na alama yake ni ya makadirio. Mstari ulionyooka hapo umetokana na nchi kutopeleka ripoti, kwa hiyo vipande hivyo uvichore kwa nukta nukta, na usihesabu kasi ya ukuaji juu yake.